Mashine Iliyodai Shikamoo

Siku ya kuniaga nilipostaafu walinipa kiti cha kuegemea, blanketi la maua na hotuba mbili. Kiti kiko sebuleni na paka amekimiliki. Blanketi ninalitumia. Hotuba zilisema kwamba nilikuwa mtulivu na mwenye nidhamu, na hapo nikajua waliozisoma hawakuziandika, na walioziandika hawakunijua. Kwa hiyo ninyi vijana mliobaki kwenye chumba cha mashine, naandika haya mwenyewe, msije mkaanza kuamini hotuba.

Vyeo nitaviruka. Nilipanda viwili vitatu, na kila kimoja kilikuja na barua ndefu na kiti kilekile kibovu. Nataka kuzungumza juu ya skrini nyeusi na kile kialama kidogo kinachokaa mwanzoni mwa mstari, kinachowaka na kuzima, kikisubiri uandike amri. Wenye vitabu wanakiita prompt. Mzee Odhiambo aliyenifundisha kazi alikiita kizingiti, na mimi nitakiita hivyohivyo mpaka kufa. Kwa sababu ya kizingiti hicho nusura wilaya mbili zipoteze ng'ombe wao wote siku moja, kabla ya saa nne asubuhi, na kosa lilikuwa langu.

Kwa asiyetoka huku, ofisi yetu pale Nyamisangura ilikuwa ya rejesta ya mifugo. Mfugaji wa Tarime au wa Serengeti alileta maelezo ya ng'ombe wake: pembe, rangi, chapa ya moto, na mkato wa sikio. Tuliyaandika kwenye kompyuta tukampa kadi. Ng'ombe wakiibwa kisha wakapatikana, rejesta ndiyo iliyosema ni wa nani. Mimi ni mtu wa mzaha, lakini huku kwetu ng'ombe hawafanyiwi mzaha, na hata mimi niliwaheshimu. Karibu kila siku.

Niliingia pale nikiwa mpiga chapa, enzi za utepe mweusi uliochafua vidole mpaka ugali ukapata alama. Kompyuta zilipoletwa, mabosi waliziangalia, wakaniangalia, wakasema huyu anajua kibodi. Basi nikapelekwa kwa Mzee Odhiambo, Mjaluo wa Rorya aliyekuwa amefanya kazi miaka mingi upande wa Kenya akarudi na Kiswahili cha kule na miwani nene kuliko chini ya chupa. Siku ya kwanza alinikalisha mbele ya skrini isiyo na picha hata moja. Nikamwuliza mshale wa kubonyezea uko wapi.

"Hakuna mshale," akasema. "Hapa wewe unaongea, mashine inasikiza."

"Na isiposikia?"

"Itasikia. Shida yake ni hiyo. Inasikia kila kitu na haiulizi."

Mashine kubwa zilikuwa mbili, na tuliziingia kwa kuandika tu, kutoka mezani. Moja ilibeba rejesta yenyewe. Mzee aliipa jina la Bibi. Nyingine ilikuwa ya mazoezi, imejaa ng'ombe wa uongo, akaiita Mjukuu. Kizingiti cha enzi zake kilikuwa kirefu: jina lako, jina la mashine uliyomo, na folda ulimosimama, kisha alama ya dola. Kabla ya kila amri alinisomesha kwa sauti. "Rhobi, yuko kwa Bibi, ndani ya rejesta." Rhobi ndiye mimi, na mwezi mzima nilisoma hivyo mpaka wenzangu wa chumba cha pili wakaanza kuniitikia kama kanisani.

"Nyathina," alikuwa akiniambia, yaani mwanangu kwa lugha yao, ingawa tulipishana miaka kumi tu, "ukibonyeza Enter mashine haijui kama umepotea. Inatii tu. Soma uko wapi, halafu ubonyeze."

Nilimpenda sana mzee yule. Alipostaafu akaenda kufuga kuku kwao, nililia chooni, kisha nikatoka nikaanza utundu.

Maana nilikuwa nimegundua faili. Kila mtu ana nyumba yake ndani ya mashine, na ndani ya nyumba hiyo kuna faili ambalo jina lake linaanza na nukta, ndiyo maana ukiorodhesha mafaili kwa kawaida halionekani. Humo unaandika mipangilio yako: kizingiti kiweje, kiwe na rangi gani, kionyeshe saa au kisionyeshe, amri ndefu uipe jina fupi la kukufaa. Kwangu mimi ilikuwa sawa na kupewa nyumba na rangi za bure. Wiki ya kwanza kizingiti changu kilionyesha saa, tarehe, na maneno "Mungu anakuona." Wiki ya pili nilikipa maua. Mkuu wetu wa kitengo alikuwa na tabia ya kuiacha kompyuta yake wazi akienda chai, nami nikapita mara moja. Aliporudi, kila alipobonyeza Enter mashine ilimjibu, "Ndiyo, mzee." Nilisubiri nifokewe. Baada ya siku tatu aliniita ofisini, akafunga mlango, akasema fundi atakapokuja kusafisha kompyuta nihakikishe hicho kitu hakiondolewi.

Mzee Odhiambo alikuja kututembelea akiwa na trei mbili za mayai. Akaona skrini yangu.

"Ati maua? Rhobi, hii kitu si ya kuremba. Ni ya kusoma."

Nikamwonyesha kazi yangu niliyojivunia kuliko zote. Nilikuwa nimeyaondoa yale majina marefu yote. Kizingiti kilibaki alama ya dola peke yake, na rangi: nyekundu ukiwa kwa Bibi, kijani ukiwa kwa Mjukuu. Nikamweleza kwamba nyumbani kwa baba yangu, kule Gorong'a, ng'ombe waliitwa kwa rangi ya ngozi zao, na hakuna aliyewahi kukosea. Ukiona nyekundu, kaa sawa. Ukiona kijani, cheza.

"Na jina umetupa wapi?"

"La nini, Mzee? Rangi inatosha."

Akaitazama skrini muda mrefu, kisha akaomba chai. Mzee Odhiambo akiomba chai badala ya kubishana, ujue hajakubali. Lakini mimi nilikuwa nimeshaenda kuchemsha maji, nikifurahia ushindi.

Jambo jingine lililomchekesha siku hiyo lilikuwa historia. Mashine hukumbuka amri ulizoandika, lakini ukiiacha ilivyokuja hukumbuka chache tu na kusahau za zamani. Mimi niliipangia isisahau hata moja, na kila amri iandikiwe siku na saa. "Unaweka mpaka makosa?" akaniuliza. Nikamwambia hasa makosa, nitakuja kuyasoma nikizeeka nicheke. Kumbukeni mpangilio huo, maana ndio ulioniokoa. Ule wa rangi ndio ulioniponza.

Kisha akaletwa Marwa. Kijana wa kwetu, ametoka chuo Mwanza na cheti kizuri na viatu vyenye ncha. Asubuhi ya kwanza aliingia akasema, "Mambo vipi humu?" Humu nilikuwemo mimi, mwenye umri wa mama yake. Nilimtengenezea nyumba yake kwenye mashine kwa kunakili faili langu lote, rangi, historia na kila kitu, kisha nikaongeza mtego mmoja mdogo. Kesho yake akaandika amri ya kwanza. Mashine ikajibu:

Salimia kwanza.

Akaandika tena. Salimia kwanza. Akazima, akawasha, akapuliza vumbi kwenye kibodi. Siku ya pili aliandika "habari", ikajibu "Salimia vizuri." Siku ya tatu alikuja mezani kwangu, mikono nyuma.

"Shikamoo, Mama Ghati," akasema, akiniita kwa jina la mwanangu.

"Marahaba, mura," nikasema, yaani kijana kwa lugha yetu. "Sasa nenda kaiambie na mashine."

Akaenda akaandika shikamoo. Mashine ikasema, "Marahaba. Hujambo? Endelea na kazi." Ofisi nzima ilikuwa imesimama nyuma yake. Haikupita wiki, kila nilipokosea kuandika amri, skrini yangu ilianza kunijibu, "Pole, Mama, ni umri." Nilicheka mpaka nikatoa miwani. Nikajua tumepata mtu.

Marwa alikuwa hodari, mwepesi kuliko mimi, na wafugaji walimpenda kwa sababu aliwauliza maswali ya mtu aliyechunga. Ila alikuwa na tabia moja iliyonikera. Kabla ya amri yoyote ya maana aliandika hostname, ambayo ni amri ya kuiuliza mashine jina lake. Mashine ikajibu bibi, au mjukuu, ndipo akaendelea. Kila mara. Mimi nikayapokea kama dharau kwa rangi zangu.

"Wewe mura, rangi si hiyo hapo? Unauliza jina kama mtu aliyelewa nyumbani kwake."

Watu wakacheka. Naye akacheka. Nikarudia mzaha huo siku nyingi, maana mzaha wangu ukipata wachekaji siuachi upesi. Baadaye sikumwona tena akiandika hostname, nikajipongeza kwamba nimemfundisha kazi.

Sasa ile siku. Ilikuwa Jumanne, na maafisa mifugo wa kata za Serengeti walikuwa wametoka Mugumu alfajiri kuja kufundishwa kutumia rejesta. Tulitaka waanze na mashine ya mazoezi ikiwa tupu, waijaze wenyewe. Wageni wako ukumbini, chai inapoa. Marwa alikuwa amefungua madirisha mawili kwenye skrini, moja kwa Bibi na moja kwa Mjukuu. Nikasimama nyuma ya kiti chake, macho yangu mlangoni kwa wageni kuliko kwenye skrini.

"Futa hao ng'ombe wa uongo, tuanze."

Vidole vyake vikagusa kibodi, vikasimama.

"Nini tena?"

"Hamna, Mama."

"Basi futa. Watu wametoka mbali. Si unaona rangi?"

"Naona."

Akaandika amri ya kufuta folda nzima, akabonyeza Enter. Mashine haikusema lolote, maana amri hiyo ikifaulu hunyamaza. Kisha akafungua dirisha la pili kuhakikisha, akaorodhesha. Ng'ombe wa uongo walikuwa wote pale, akiwemo fahali niliyemwita Mheshimiwa.

"Mama," akasema taratibu, "hawa hawajafa."

Sikuelewa. Kisha nikaelewa. Rejesta ya kweli ilikuwa tupu. Tulikuwa na nakala kwenye diski, ndiyo, lakini ya miezi mitatu nyuma, kwa sababu diski ilijaa na ombi letu la diski mpya lilikuwa bado linatembea kwenye meza za wakubwa. Kila ng'ombe aliyeandikishwa tangu hapo alikuwa amepotea.

Nikatoka nje nipate hewa. Kwenye benchi alikuwa amekaa mama mmoja mtu mzima, kanga mbili, fimbo kati ya magoti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mimi ni Nyangeta, natoka Genkuru. Nimekuja karatasi ya ng'ombe yangu."

Ng'ombe wake sita walikuwa wameibwa. Polisi wamewakamata wakiwa ndani ya kundi la mtu mwingine, na mtu huyo anasema ni wake tangu zamani. Alhamisi asubuhi polisi na wazee wangekaa kuamua, na mwenye ushahidi ndiye angeondoka nao. Nikamwuliza kadi yake iko wapi.

"Kadi ndama alikula."

"Ndama yupi?"

"Si hiyo nayo imeibwa!"

Yaani ushahidi ulikuwa tumboni mwa ushahidi. Siku nyingine yoyote ningecheka. Nikamwuliza aliwaandikisha lini. Mwezi uliopita, akasema, kijana mmoja mzuri ndiye alimwandikia. Miezi mitatu ya diski, na mwezi mmoja wa Mama Nyangeta. Hesabu hiyo haikuhitaji kompyuta.

"Hao ndio mume wangu aliniachia," akasema. "Watoto wameenda. Wale wakienda, mimi nabaki mgeni kwa boma yangu mwenyewe."

Nikamwambia mtandao uko chini kidogo. Ni uongo ambao watu wa kompyuta huuchukua pamoja na mshahara. Akasema si neno, atalala kwa dada yake pale mjini na kesho atarudi. Akafungua mfuko akanipa kiazi cha kuchemsha. Nilikipokea kwa mikono miwili na sikuweza kukila.

Ndani, Marwa alikuwa anaandika barua ya kuacha kazi, kwa mkono, maana kompyuta hakuitaka tena.

"Nimewaua ng'ombe wa wilaya mbili, Mama."

"Weka kalamu chini. Miezi hii mitatu umeandikishaje ng'ombe?"

"Kwa amri ya sajili."

"Na amri inaenda wapi ikishaandikwa?"

Akaitupa kalamu. Kila mfugaji aliyekuja, tulikuwa tunaandika mstari mmoja: sajili, jina la mwenyewe, kijiji, idadi, pembe, rangi, chapa, mkato wa sikio. Na mashine ilikuwa imepangiwa isisahau mstari hata mmoja. Alichofuta Marwa kilikuwa folda ya rejesta. Nyumba zetu ndani ya mashine hazikuguswa, na historia zilikaa humo. Tungerudisha ile nakala ya zamani, kisha tungeziandika amri za miezi mitatu upya kama zilivyokuwa, mstari kwa mstari. Maafisa wa Mugumu nikawaambia kipindi cha kwanza ni cha kufahamiana, na cha pili ni chakula. Hadi leo wanasema ni mafunzo bora waliyowahi kuhudhuria.

Tatizo ni kwamba historia ina kila kitu, si sajili peke yake. Ilibidi tusome kwa macho na kuchambua. Yangu ilinitia haya. Kulikuwa na ng'ombe niliyemsajili kwa Bibi siku moja ya mvua, mwenye mali ni mkuu wetu, maelezo "mweusi, ana kitambi, hukoroma mkutanoni." Nilimtoa haraka kabla Marwa hajamwona, lakini alishamwona.

Kisha nikaanza kusoma ya Marwa. Mstari wa kwanza wa siku, hostname. Kisha sajili. Kisha hostname. Kisha sajili. Nikashuka chini. Kabla ya kila amri, hata ya kuorodhesha mafaili tu, hostname, hostname, hostname. Nikatazama tarehe. Hakuwa ameacha kamwe. Alikuwa anaiandika nikiwa nimeenda chai, nikiwa kwenye simu, nikiwa nimegeuka dirishani, kisha anafuta skrini nisione. Nikateremka mpaka Jumanne ile. Amri ya kufuta ilikuwa pale, na saa yake. Juu yake hakukuwa na hostname. Ndiyo mara ya pekee, na mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti.

"Marwa," nikasema, "hebu nionyeshe dola nyekundu ni ipi."

Madirisha yote mawili yalikuwa wazi mbele yake, moja nyekundu, moja kijani, yanamulika usoni mwake.

"Nyekundu ipi, Mama?"

Hapo ndipo aliponieleza. Nyekundu na kijani kwake ni kitu kimoja, rangi ya udongo. Amezaliwa hivyo. Utotoni, siku wageni wamekuja kwao kwa mambo ya mahari, baba yake alimtuma zizini alete yule ng'ombe mwekundu, naye akaleta mwingine. Wageni walicheka. Baba yake alicheka kuliko wageni. Mtoto wa mfugaji asiyejua rangi ya ng'ombe, wapi na wapi. Tangu siku ile hakumwambia mtu.

"Nikajifunza kuwajua kwa mwendo," akasema. "Kila ng'ombe ana mwendo wake, na pembe, na sauti. Sikukosea tena. Lakini dola haitembei, Mama."

Wanangu, nimetania watu miaka zaidi ya thelathini na sijutii, isipokuwa hapo. Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Nilikuwa nimelitupa jina, nikaweka rangi, kisha nikamcheka mtu pekee aliyekuwa bado anasoma kabla ya kubonyeza. Nikamwomba radhi. Akasema hamna shida, Mama, kwa sauti ya mtu mwenye shida, nami nikarudia kuomba radhi mpaka akanitazama usoni.

Tulichambua siku nzima na asubuhi yote ya kesho yake. Jumatano baada ya chakula cha mchana tukafika kwenye mstari wa Genkuru. Ulikuwa umeandikwa na Marwa mwenyewe, bila kosa, na juu yake palikuwa na hostname. Mashine ikameza mistari yote, rejesta ikasimama tena, na kadi ya Mama Nyangeta ikatoka kwenye printa ikiwa ya moto. Akaiangalia huku na huku, kisha akampa Marwa amsomee. Majike wanne, ndama wawili, sikio la kushoto limekatwa ncha, la kulia lina tundu. Alipofika kwenye rangi Marwa alisoma polepole zaidi.

"Hii rangi uliandikaje?" nikamnong'oneza.

"Nilimwuliza mwenyewe," akaninong'oneza naye.

Mama Nyangeta alikuwa bado anasubiri. "Na mwendo? Hukuandika ile kubwa inavyotembea?"

"Rejesta haina mahali pa mwendo, bibi."

"Basi haijui ng'ombe," akasema, akaikunja kadi, akaifunga kwenye pindo la kanga. Marwa akacheka, mara ya kwanza tangu Jumanne, akacheka mpaka akajishika ukuta.

Alhamisi wazee walisoma kadi, wakatazama masikio ya ng'ombe, na habari ikaisha hapo. Ijumaa tuliletewa kibuyu cha maziwa ya mgando. Mjumbe alisema Mama Nyangeta anasalimia, na kadi safari hii ameining'iniza juu.

Mkuu wa kitengo alitaka kujua nani alibonyeza. Nikamwambia aliyebonyeza alikuwa amesimama nyuma ya kiti. Hakuelewa, nikamwandikia: mimi ndiye niliyeondoa jina la mashine kwenye kizingiti, na mimi ndiye niliyemharakisha aliyekuwa anataka kuuliza. Mambo ya macho ya Marwa sikuyataja. Leo nayataja kwa ruhusa yake. Amesoma kurasa hizi na kuniambia viatu vyake havikuwa na ncha. Vilikuwa nazo. Nilipewa barua ya onyo, fupi kuliko barua zote nilizopata pale, na ndiyo pekee niliyoitunza.

Nikampigia simu Mzee Odhiambo nikamweleza yote. Upande wa pili kuku walikuwa wanapiga kelele.

"Jina umerudisha?"

"Nimerudisha, Mzee. Kwa herufi kubwa."

"Basi soma," akasema, akakata. Hakunilaumu, na hilo liliniuma zaidi.

Marwa ndiye aliyeleta wazo la mwisho. Jina likiwepo, mtu mwenye haraka bado anaweza asilisome. Akaniuliza kama bado ninao ule mtego wa salamu. Tukauhamishia kwa Bibi. Tangu hapo, yeyote anayetaka kufuta kitu kwenye rejesta ya kweli, awe mkurugenzi awe nani, mashine inamwambia asalimie kwanza. Asipoandika shikamoo, hakifutiki kitu. Mjukuu yeye ni mtoto, anafutwa bila salamu. Huhitaji macho kujua uko kwenye mashine ipi. Vidole vyako vinajua unaongea na mtu mzima. Rangi nimeziacha, kwa sababu nazipenda.

Siku yangu ya mwisho, baada ya hotuba, lilibaki jambo moja. Mtu akistaafu, nyumba yake kwenye mashine hufutwa, pamoja na kila mpangilio aliouweka. Marwa alikaa kwenye kiti changu kibovu. Akaandika amri ya kunifuta. Mashine ikasema salimia kwanza. Akaandika shikamoo. Ikasema marahaba. Jina la Bibi lilikuwa pale kwenye kizingiti, herufi kubwa. Hakukuwa na kitu cha kuuliza tena.

Vidole vyake vikasimama. Nilikuwa nyuma ya kiti, mahali palepale. Akaandika hostname, herufi moja moja, mimi nikiona. Mashine ikajibu bibi. Akageuka akanitazama kwa jicho la pembeni, kisha akauliza tena. Bibi. Akauliza na mara ya tatu, mtundu yule, na ukumbini walikuwa wanatuita keki inakatwa.

"Uliza tu, mura," nikasema. "Sina haraka."

Nikasubiri mpaka aliporidhika, ndipo akanifuta.